Usharika Ukitaka Kutoka Katika Dhehebu Lake: Mambo ya Kujua Kabla ya Kupiga Kura

Maneno haya huanza nje ya kanisa, ibada ikiwa imekwisha na watu wachache wamebaki wakiongea. Mmoja anasema mafundisho siku hizi yamebadilika. Mwingine anasema viongozi wa juu wameiacha njia. Wa tatu anauliza lile ambalo wote walikuwa wanaliogopa: kwa nini tusijitoe tukasimama wenyewe? Uwe unasali Kabwe kando ya Ziwa Tanganyika, Kirando, Namanyere au juu huko Sumbawanga, swali hilo likifika kwenu linahitaji majibu yaliyonyooka. Makala haya yanajaribu kuyatoa.

Nianze na ninavyoona mimi. Usharika unaweza kutoka, na zipo sababu za kweli za kutoka. Lakini wanaotoka ni watu. Jengo, kiwanja, jina la kanisa, akaunti ya benki na kibali cha kufungisha ndoa kwa kawaida hubaki kwa dhehebu. Mtu anayelijua hilo mapema hupima jambo kwa utulivu kuliko yule anayedhani ataondoka na kila kitu hadi kengele. Kila dhehebu lina majina yake: usharika, ushirika, mtaa, parokia, kanisa la mahali pamoja. Hapa nitasema usharika, kwa maana ya waumini wanaosali mahali pamoja chini ya dhehebu kubwa zaidi.

Ugomvi wenu ni wa mafundisho kweli?

Mafundisho ni yale kanisa linayokiri kuhusu Mungu, wokovu, Maandiko, ubatizo, meza ya Bwana, ndoa na huduma ya kichungaji. Je, mtoto mchanga abatizwe? Ubatizo uwe wa maji mengi au wa kunyunyiza? Mwanamke awekewe mikono kuwa mchungaji? Maombezi ya kufungua watu na mafuta ya upako yana nafasi gani katika ibada? Haya ni mafundisho. Mchungaji kuhamishwa bila kuagwa, asilimia ya sadaka inayopelekwa makao makuu, au kabila la askofu aliyechaguliwa, si mafundisho. Ni mambo mazito na yanaumiza, lakini yana dawa nyingine.

Nalisisitiza hili kwa sababu migogoro mikubwa tuliyoishuhudia katika nchi yetu mara nyingi haikuanzia kwenye imani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Walutheri wa Meru, waliokuwa chini ya Dayosisi ya Kaskazini yenye makao makuu Moshi, walidai dayosisi yao wenyewe. Mgogoro ule ulifika mpaka watu kuuawa na nyumba kuchomwa. Mwishowe wengine walibaki Walutheri katika Dayosisi ya Meru na wengine wakaanzisha kanisa jipya, na familia nyingi zikagawanyika katikati. Wote walikuwa na katekisimu ileile. Miaka ya karibuni, Dayosisi ya Konde ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, KKKT, ilitikiswa na mvutano kuhusu makao makuu kuhama Tukuyu kwenda Mbeya. Hapo pia hakuna aliyebishania Utatu Mtakatifu.

Kwa hiyo kabla ya kikao chochote, wazee wachukue karatasi na kuandika kwa sentensi moja: ni fundisho gani tunalolikataa, na limeandikwa wapi? Katika katiba ya dhehebu, katika azimio la sinodi (mkutano mkuu wa kanisa), au katika waraka wa askofu? Ikiwa mnachoweza kuandika ni "tumesikia" au "kuna video inazunguka kwenye simu", bado hamna jambo la kupigia kura. Kisha jiulizeni swali la pili, ambalo ni gumu zaidi: mchungaji wetu mpendwa akirudishwa kesho, tutakuwa bado tunataka kuondoka? Kama jibu ni hapana, pelekeni shauri la uhamisho na mliache fundisho lipumzike.

Anayefundisha hivyo ni nani?

Swali hili husahauliwa. Mara nyingi kinachowaudhi waumini ni uamuzi wa kanisa la ng'ambo lenye ushirika na dhehebu lao. Anglikana na KKKT walipitia jambo hilo mbele ya macho yetu, na njia waliyoichukua inafaa kuangaliwa.

Desemba 2006 maaskofu wa Kanisa Anglikana Tanzania walitamka kwamba ushirika wao na Kanisa la Episkopali la Marekani umeharibika vibaya kwa sababu ya msimamo wa kanisa hilo kuhusu mapenzi ya jinsia moja, na kwamba hawatapokea fedha kutoka kwa wanaouunga mkono. Februari 2007 maaskofu wakuu wa Anglikana kutoka duniani kote walikutana Dar es Salaam, wakaenda Zanzibar kwa ibada katika kanisa kuu la Mkunazini, na baadhi yao hawakukubali kushiriki meza ya Bwana pamoja na askofu mkuu wa Marekani. Januari 2010 maaskofu wa KKKT nao walitoa tamko lao Dodoma wakikataa ndoa za jinsia moja, huku kanisa lao likibaki katika Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Hakuna usharika wa Rukwa uliohitaji kujitoa kwenye dayosisi yake ili kupinga kilichoamuliwa Marekani au Ulaya, maana dhehebu lenyewe nchini lilikuwa limekwisha kusema.

Basi ulizeni: dhehebu letu hapa Tanzania limesema nini? Ombeni tamko hilo kwa maandishi kutoka ofisi ya dayosisi, jimbo au konferensi. Huenda mkakuta mnagombana na mtu anayekubaliana nanyi.

Kuna njia nyingine ambayo wazee wetu waliijua vizuri. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioenea kutoka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 ukapita Uganda mpaka Bukoba na kwingineko, uliyakemea makanisa kwa ukali kwa ubaridi na unafiki wao. Hata hivyo wengi wa ndugu wa uamsho walibaki ndani. Walikutana kwa maombi, waliungama hadharani, waliwakosoa wachungaji wao ana kwa ana, na baadaye baadhi yao wakawa maaskofu. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, aliyekuja kuwa rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani mwaka 1977, alitoka katika mkondo huo. Kubaki huku unapinga si woga.

Lini basi kutoka ni haki? Kwa maoni yangu ni pale dhehebu lenu lenyewe, hapa nchini, linapowalazimisha kufundisha au kutenda jambo ambalo dhamiri yenu mbele ya Maandiko hailikubali, na mmekwisha kupanda ngazi zote za rufaa bila kusikilizwa. Masharti hayo mawili yaende pamoja. Wapo waliotoka na makanisa yao yakasimama: Askofu Moses Kulola na wenzake walitoka Tanzania Assemblies of God, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 likapatikana kanisa la EAGT, ambalo leo lina makanisa karibu kila pembe ya nchi. Sisemi kutoka ni dhambi. Nasema kuna gharama, na gharama ihesabiwe kabla.

Dhehebu lenu limejengwaje?

Hapa majibu yanatofautiana sana. Kwa Wakatoliki, ambao ndio wengi Ufipa, parokia haiwezi kupiga kura ikatoka. Parokia ni sehemu ya jimbo chini ya askofu, na mali zake husimamiwa kwa sheria za Kanisa. Muumini mmoja mmoja anaweza kuondoka, parokia inabaki. Kwa Walutheri, Wamoravian na Waanglikana, usharika una wazee, mhazini na mikutano yake, lakini mali kwa kawaida imeandikwa kwa jina la Bodi ya Wadhamini ya dayosisi, jimbo au kanisa zima. Wadhamini ni watu waliosajiliwa kisheria kushika mali kwa niaba ya wengine. Makanisa ya Kipentekoste yana sura nyingi. Mengine yana uongozi wa juu wenye nguvu sawa na dayosisi, mengine huliachia kanisa la mahali pamoja mambo mengi, na yapo ambayo kiwanja kimeandikwa kwa jina la mchungaji mwenyewe, jambo ambalo ni hatari kwa kila mtu akiwemo yeye.

Mfano wa karibu kabisa na swali letu ni wa Kanisa la Methodisti la Muungano, ambalo wengi hulijua kwa jina la United Methodist. Watu wa Kabwe wanaovuka ziwa kwenda Moba na Kalemie wanawafahamu Wamethodisti hao, maana wamo wengi upande wa Kongo, na kwa miaka mingi eneo la kiaskofu la Katanga Kaskazini liliwaunganisha na Wamethodisti wa Tanzania. Kanisa hilo lina kifungu cha zamani katika sheria zake kinachosema kila usharika unashika jengo na kiwanja chake kwa niaba ya kanisa zima. Mwaka 2019, baada ya miaka mingi ya mabishano juu ya ndoa za jinsia moja na uchungaji wa walio katika mapenzi ya jinsia moja, mkutano wao mkuu ulifungua mlango maalumu kwa sharika za Marekani. Usharika uliotaka kutoka na jengo lake ulipaswa kupata theluthi mbili ya kura, kulipa michango ya miaka miwili na kulipia sehemu yake ya deni la pensheni za wachungaji. Mlango ulifungwa mwisho wa mwaka 2023, na zaidi ya sharika 7,600 zilikuwa zimetoka, karibu robo ya sharika zote za Marekani. Afrika haikupewa mlango huo. Mkutano mkuu uliofanyika Charlotte, Marekani, ulipoondoa makatazo kuhusu mambo hayo mwaka 2024, Wamethodisti wa Kodivaa waliamua mwezi Mei kujitoa wote kwa pamoja kama konferensi nzima. Nigeria waligawanyika, na mwezi Desemba mwaka huohuo vurugu kati ya pande mbili katika jimbo la Taraba zilikatisha maisha ya watu.

Fundisho la vitendo hapo ni moja: palipokuwa na utaratibu ulioandikwa, hata wenye masharti magumu, sharika nyingi zilitoka bila damu. Kwa hiyo someni katiba ya dhehebu lenu. Nakala iombwe kwa katibu wa dayosisi au jimbo kwa barua, na mtafute kurasa tatu tu: zinazohusu mali, zinazohusu nidhamu na rufaa, na zinazohusu kujitoa au kufutwa kwa usharika.

Kiwanja na jengo ni vya nani?

"Tulijenga wenyewe" ni kauli ya kweli na inauma. Mama aliyebeba mawe kichwani na mvuvi aliyetoa fedha za dagaa kununulia mabati wana haki ya kuumia. Lakini sheria haiulizi nani alibeba mawe. Inauliza ardhi imeandikwa kwa jina la nani na mchango ulitolewa kwa nani. Sadaka iliyotolewa kwa kanisa ni ya kanisa.

Kuhakiki si kazi ngumu wala haihitaji wakili. Kama kiwanja kiko katika ardhi ya kijiji, anzia kwa Mtendaji wa Kijiji. Omba kuangalia muhtasari wa kikao ambacho Halmashauri ya Kijiji ilitoa eneo hilo, na uulize kama kuna hati ya haki miliki ya kimila, yaani hati ya kumiliki ardhi inayotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Kumbuka kwamba Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, kwa hiyo kumbukumbu za mkutano huo nazo zitafutwe. Kama kiwanja kimepimwa na kina hati ya mji, nenda idara ya ardhi ya halmashauri Namanyere, au ofisi ya ardhi ya mkoa Sumbawanga, uombe upekuzi, yaani kuangaliwa rasmi nani ndiye mmiliki kwenye daftari. Na kama jina lililoandikwa ni la Bodi ya Wadhamini, RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ndiye mwenye kumbukumbu za bodi hiyo na majina ya wadhamini wake.

Mnaweza kukuta kiwanja kilitolewa kwa mdomo na mzee aliyekwisha kufariki. Hapo msikimbilie kuandika jina jipya. Familia ya marehemu, kijiji na dhehebu wakae pamoja, wakubaliane alimpa nani na kwa masharti gani, kisha iandikwe na kushuhudiwa. Karatasi inayotengenezwa usiku baada ya ugomvi kuanza huwa ndiyo ya kwanza kukataliwa na baraza la ardhi.

Pandeni ngazi zote

Barua ya kwanza iende kwa mchungaji kiongozi, ya pili kwa mkuu wa jimbo au wilaya ya kanisa, kisha askofu au mwenyekiti, kisha sinodi au mkutano mkuu. Kila barua iwe na tarehe, itaje fundisho lile mliloliandika kwa sentensi moja, na ionyeshe mnachoomba. Mnataka tamko? Mnataka usharika usilazimishwe? Mnataka mchungaji mwingine? Tunza nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Mkiona mnazungushwa, ombeni msuluhishi ambaye pande zote zinamheshimu. Anaweza kuwa mchungaji mstaafu, au kiongozi wa dhehebu lingine hapo wilayani. Gharama ya hatua hii ni nauli na karatasi, na faida yake ni mbili: huenda mkasikilizwa, na msiposikilizwa, mahakama au baraza lolote litakalokuja kuuliza "mlimaliza njia za ndani?" litapata jibu.

Katika muda huo msiache kupeleka michango ya dayosisi kimyakimya. Najua watu wengi huona hiyo ndiyo silaha pekee waliyonayo. Lakini kuzuia sadaka hugeuza shauri la imani kuwa kesi ya fedha, na mhazini wenu ndiye atakayeitwa kujieleza. Mkiamua kuzuia, iwe kwa azimio la kikao, kwa barua ya wazi, na fedha zikae benki bila kuguswa.

Kuhusu kura yenyewe, fuateni akidi ya katiba yenu (idadi ya chini ya watu wanaotakiwa kuwapo ili kikao kiwe halali). Tangazeni mkutano kwa Jumapili kadhaa. Wapeni nafasi wanaopinga waseme bila kuzomewa, na wanawake na vijana wahesabiwe kama washiriki kamili, maana wao ndio wengi kanisani na mara nyingi ndio wasioulizwa. Kura iwe ya siri. Mimi nisingethubutu kuondoka kwa wingi wa kura chache. Hata theluthi mbili ni kidogo, ukifikiri kwamba theluthi iliyobaki ni majirani na wakwe zenu.

Mkitoka, mnakwenda wapi?

Katiba ya Jamhuri ya Muungano, Ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa imani na wa kubadili dini au imani yake, na inasema uendeshaji wa jumuiya za dini si sehemu ya shughuli za mamlaka ya nchi. Serikali haitawachagulia fundisho. Lakini kikundi kinachokusanyika kama kanisa lazima kiwe kimesajiliwa, au kiwe chini ya kanisa lililosajiliwa. Chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, kuendesha jumuiya isiyosajiliwa ni kosa. Wengi hawalijui hili, wakaanza ibada chini ya mwembe wakidhani ni jambo dogo mpaka walipoitwa na mtendaji.

Njia nyepesi ni kujiunga na dhehebu jingine lililokwisha kusajiliwa ambalo mafundisho yake mnayakubali. Ombeni kwanza nakala ya cheti chao cha usajili na katiba yao, msome kurasa zilezile tatu, kisha wawaandikie barua ya kuwapokea. Barua hiyo pelekeni kwa Mtendaji wa Kijiji, Mtendaji wa Kata na ofisi ya Mkuu wa Wilaya Namanyere ili mtambuliwe. Gharama ni ndogo na mnaweza kukamilisha bila kwenda mbali.

Njia ndefu ni kusajili kanisa jipya. Maombi huenda kwa Msajili wa Jumuiya, aliye chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, Dodoma. Mtahitaji fomu za maombi, katiba ya kanisa jipya, muhtasari wa mkutano wa waanzilishi wenye majina na sahihi zao (wasipungue 10), maelezo binafsi ya viongozi pamoja na picha zao, na barua ya Mkuu wa Wilaya ya kuwatambulisha. Masharti na fomu hupatikana kwenye tovuti ya Wizara. Ada hulipwa kwa namba ya malipo ya Serikali, ile ambayo watu huita kontroli namba, kupitia benki au simu. Mtu yeyote anayewaomba fedha taslimu mkononi ili "asukume faili" msimpe. Kwa mtu wa Kabwe gharama kubwa ni safari za Namanyere, Sumbawanga na pengine Dodoma, malazi, na kumlipa mtu wa kuwaandikia katiba vizuri. Changeni mapema na mteue watu wawili tu wa kufuatilia.

Mkishasajiliwa, hatua inayofuata ni kusajili Bodi ya Wadhamini RITA, chini ya Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318. Bila bodi hiyo, kanisa haliwezi kumiliki kiwanja kwa jina lake. Msinunue kiwanja kipya kwa jina la mchungaji au mwinjilisti kwa muda "mpaka usajili utoke". Muda huo hugeuka miaka, na mtu hufa, na warithi wake hawakuwa kwenye kikao chenu. Bora kusali kwenye darasa la shule au ukumbi wa kukodi kwa kibali, mpaka bodi ipatikane.

Mchungaji wenu na ndoa za vijana

Mchungaji anayetoka na usharika huacha nyumba ya kanisa, pikipiki ya kanisa na muhuri wa kanisa. Michango yake ya NSSF iliyokwisha kulipwa ni yake. Aende ofisi ya mfuko huo akaombe taarifa yake ya michango ili aone kama kuna miezi iliyorukwa. Kama alikuwa na mkataba wa ajira na ameachishwa isivyo halali, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hupokea malalamiko ya kuachishwa kazi ndani ya siku 30. Siku hizo hupita haraka kuliko hasira.

Jambo linaloumiza familia nyingi ni ndoa. Chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kiongozi wa dini hufungisha ndoa kwa leseni anayopewa na Msajili Mkuu wa Ndoa, kupitia RITA. Leseni aliyopewa kama mchungaji wa dhehebu lake la zamani asiitumie katika kanisa jipya. Aombe nyingine kupitia kanisa hilo jipya. Kama kuna vijana wametangazwa na siku 21 za taarifa ya ndoa zinaendelea kuhesabiwa, waelezwe mapema wachague: wafunge kwa dhehebu la zamani, au kwa Mkuu wa Wilaya, au wasubiri. Kuwaacha wafunge ndoa kwa mtu asiye na leseni ni kuwaachia tatizo ambalo litajitokeza siku wanapotafuta cheti.

Ugomvi ukifika kwenye sheria

Mahakama haiwaamulii mafundisho. Haitasema ubatizo upi ndio wa kweli. Inachoweza kuamua ni katiba ya kanisa kama ilifuatwa, na mali ni ya nani. Tena usharika mmoja, usio na usajili wake wenyewe, kwa kawaida hauna hadhi ya kushtaki au kushtakiwa. Kesi za kanisa huendeshwa kwa jina la Wadhamini Waliosajiliwa. Kundi linalofungua kesi kwa jina la "waumini wa usharika wa Kabwe" linaweza kutumia miaka na fedha, kisha likaondolewa kwa kasoro hiyo tu.

Shauri la ardhi huanzia kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji na Baraza la Kata, ambako kazi ni kupatanisha, na pande zisipopatana shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.  Rufaa huenda Mahakama Kuu. Kabla ya kumlipa wakili, muulizeni Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri kuhusu wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Hao hutoa ushauri bila malipo, na wengi wanajua mambo ya ardhi vizuri. Na kufuli lisivunjwe, na upande wowote. Siku kufuli linapovunjwa, shauri linaacha kuwa la kanisa na kuwa la polisi.

Siku ya makabidhiano

Kama mmeamua kutoka na jengo linabaki, kabidhini kwa orodha. Viti, vyombo vya meza ya Bwana, spika, jenereta, daftari la mali, vitabu vya benki, vyote viandikwe, na pande mbili ziweke sahihi mbele ya Mtendaji wa Kijiji. Mhazini atoe hesabu ya mwisho. Watia sahihi wa akaunti ya benki wabadilishwe siku hiyohiyo ili asije mtu kulaumiwa baadaye kwa fedha ambayo hakuigusa.

Daftari la ubatizo, kipaimara na ndoa hubaki pale yalipofanyika. Kabla ya kuondoka, kila familia iombe cheti cha ubatizo cha watoto wake na cha wazee pia, kwa maana kuna atakayekihitaji shuleni, kwenye uchumba au kwenye mirathi miaka mingi baadaye. Na yale mambo yasiyo ya kanisa peke yake, kama kikundi cha kuweka na kukopa kilichozaliwa kwenye umoja wa wanawake, yapewe kikao chake. Kikundi hicho kina wanachama wa pande zote mbili na fedha zao ziko ndani. Hakuna sababu kivunjwe kwa sababu ya kura ya Jumapili. Hivyo hivyo kuhusu misiba: kubalianeni kwa maandishi, mkiwa bado mnaongea vizuri, kwamba jeneza la mtu wa upande wowote litaruhusiwa kuingia katika jengo hilo, na nani ataendesha ibada, ili mwenye msiba asije akaanza kuulizwa kadi ya ushirika mlangoni.